Simu, Maneno na Mtoto Mwenye Ulemavu



Wazee wetu walitufundisha kwamba hujafa hujaumbika. Mtu aliye mzima leo aweza kesho kupoteza mguu kwa ajali ya pikipiki, macho kwa kisukari, au nguvu za upande mmoja kwa kiharusi. Kwa hiyo ulemavu si habari ya watu wengine. Mwezi huu tunapenda tuzungumze nanyi juu ya namna tunavyowasema watu wenye ulemavu katika simu zetu. Huenda mzazi mmoja atauliza: "Habari za simu zinahusikaje na afya?" Ili kumjibu, tuanze na jambo lililotupata wodini.

PICHA ILIYOTANGULIA

Miaka michache iliyopita, katika wodi ya wazazi tunamofanyia kazi, alijifungua mama mmoja kijana. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alikuwa na kilo 3 na gramu 100 na alilia vizuri. Lakini mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani, na kaakaa lilikuwa wazi. Wengi huiita hali hiyo mdomo sungura. Tulimweleza mama kwamba mtoto anatibika, na kwamba kesho yake asubuhi tutamfundisha namna ya kumnywesha maziwa, kwa kuwa mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta titi kwa nguvu.

Jioni ile, saa ya kuona wagonjwa, mgeni aliyekuja kwa mama wa kitanda cha jirani alimpiga mtoto yule picha kwa simu. Hakuomba ruhusa. Sisi hatukumwona, na kosa la kutoangalia ni letu. Kabla ya saa mbili usiku picha ilikuwa imefika katika kundi la kijiji, ikiwa na maneno kwamba ni ajabu ya mwisho wa dunia na kwamba ukoo ule una jambo. Toka hapo ikaenda kundi lingine, na lingine tena.

Baba wa mtoto alikuwa mbali akifanya vibarua. Mama alikuwa hajampigia. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwambia. Picha ikamfikia baba kwanza. Akapiga simu, na waliokuwa karibu walisikia swali moja tu: "Umezaa nini?"

Alfajiri tulikuta kitanda kitupu. Mama ameondoka na mtoto bila kuaga, na bila kufundishwa kulisha.

Alirudi baada ya wiki sita, akiletwa na mama yake mzazi. Mtoto alikuwa na kilo 2 na gramu 300. Ngozi imelegea, macho yameingia ndani, hata sauti ya kulia hakuwa nayo. Muda wote huo alifichwa katika chumba cha ndani. Kliniki ya chanjo hakupelekwa, maana mama aliogopa wenye simu. Ndugu wasomaji, mtoto yule hakuwa anakufa kwa sababu ya mdomo. Alikuwa anakufa kwa njaa, na njaa hiyo ilianza kwa picha moja.

Mwisho wa habari hii tutaueleza baadaye. Kwanza tujifunze.

ULEMAVU NI NINI?

Ulemavu una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya mwili au akili: jicho lisiloona, sikio lisilosikia, mguu usiokanyaga vizuri, akili inayojifunza polepole. Sehemu ya pili ni vikwazo ambavyo mtu huyo anawekewa na wenzake. Mtu asiyeweza kutembea, akipata kiti cha magurudumu na mlango mpana, anaingia shuleni au zahanati bila shida. Akikuta ngazi tupu anabaki nje. Mwili wake ni uleule. Kilichobadilika ni sisi. Maneno ya dharau nayo ni kama ngazi hizo: humzuia mtu asifike mahali ambapo miguu yake ingeweza kumfikisha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya 6 duniani, wana ulemavu mkubwa wa aina fulani. Katika nchi yetu, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Hiyo ni karibu mtu 1 katika kila watu 9. Basi katika jumuiya yenye watu 30 huenda watatu wanaguswa moja kwa moja. Kama hamwaoni mkutanoni, jiulizeni wako wapi.

KIDOLE NA ULIMI

Zamani neno baya lilisemwa kisimani au kwenye kilabu cha pombe. Likasikiwa na watu kumi, wakacheka, likafifia. Siku hizi, kutoka Ngara mjini hadi Nyakahura na Biharamulo, mwendesha bodaboda, mwanakwaya, mwenye duka na mwanafunzi wa sekondari wote wana simu yenye picha. Neno la simuni lina tabia tatu. Kwanza, linafika mbali: la asubuhi hapa kijijini huwa Mwanza saa nne. Pili, halifutiki: hata ukilifuta kwako, limebaki kwa waliolipokea. Tatu, anayelisema haoni uso wa anayesemwa, kwa hiyo haoni machozi.

Methali yasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi kidole ndicho kinachosema, kwa hiyo kikijikwaa, ulimi nao umejikwaa. Tuangalie basi njia tano ambazo kwazo tunajikwaa.

1. Kejeli. Kuna video za mtu mwenye kigugumizi akihojiwa ili watu wacheke. Kuna nyuso za watu wenye ulemavu wa akili zilizogeuzwa kuwa stika za kutumiana. Kuna mtu anayeanguka kifafa, na badala ya kusaidiwa anapigwa picha. Anayetuma husema ni mzaha. Lakini mzaha mnaoucheka wote isipokuwa mwenye uso ule si mzaha.

2. Lawama. "Mama huyo alikula nini?" "Baba alitafuta utajiri." "Ni laana ya ukoo." Maneno haya humwangukia mama zaidi, na mara nyingi ndoa huvunjika. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa asiyeona, yeye au wazazi wake. Jibu lilikuwa kwamba si yeye wala si wazazi wake. Kitaalamu nako tunajua kwamba ulemavu mwingi wa kuzaliwa hutokana na mambo ya kurithi, upungufu wa vitamini ya foliki siku za mwanzo za mimba, magonjwa ya mama, au shida wakati wa kujifungua. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Kutojulikana kwa chanzo si ushahidi wa uchawi.

3. Huruma isiyo na heshima. Huyu anatuma picha ya mtoto akiwa uchi, au na kidonda kimefunuliwa, pamoja na namba ya kupokea fedha. Nia yaweza kuwa njema. Lakini mtoto huyo atakua, ataingia darasa la saba, na picha ile itamkuta huko. Wako pia matapeli wanaochukua picha ya mtoto wa watu, wakabadilisha namba, wakala fedha. Ukitaka kusaidia, nenda kwa familia yenyewe, au kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali au halmashauri, au kwa viongozi wa parokia. Msaada hauhitaji kumvua mtu nguo.

4. Sifa zilizopita kiasi. "Mtazameni huyu, hana mkono na bado anafua! Wewe mwenye mikono miwili unalalamika nini?" Maneno hayo yanaonekana mazuri. Ukweli wake ni kwamba tunamtumia mtu huyo kuwapigia wengine fimbo, na tunaonyesha kuwa hatukutegemea lolote kwake. Yeye alikuwa anafua nguo zake tu. Wenye ulemavu wenyewe hutuambia kwamba wangependa zaidi kupewa kazi na mkopo kuliko kupigiwa makofi.

5. Matangazo ya dawa na ramli. Huu ndio ubaya wa hatari kuliko yote. Wako wanaotangaza simuni maji, mafuta au mizizi ya kuponya mtindio wa ubongo na uziwi. Wazazi huuza mbuzi na kiwanja, na muda wa matibabu ya kweli unapita. Wako pia wanaoeneza uongo kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri. Kuhusu hao tutasema zaidi hapa chini.

TUWAITEJE?

Kila lugha ya kwetu, iwe Kihangaza, Kishubi, Kisubi, Kizinza au Kisukuma, ina majina ya watu wenye ulemavu, na mengi yalizaliwa na dharau. Kiswahili nacho kina yake. Tunashauri hivi:

- Badala ya "zeruzeru" au "albino", tuseme mtu mwenye ualbino.
- Badala ya "kilema" au "kiwete", tuseme mtu mwenye ulemavu wa viungo.
- Badala ya "kipofu", tuseme mtu asiyeona.
- Badala ya "taahira" au "punguani", tuseme mtu mwenye ulemavu wa akili.
- "Bubu" si jina sahihi la mtu asiyesikia. Sauti anayo, hakujifunza kusema kwa kuwa hakuyasikia maneno.

Wengine hudhani ubaya uko katika herufi "ki" mwanzoni mwa jina. Lakini kiongozi na kijana nao huanza hivyo, na hakuna aliyelalamika. Tena viziwi wa nchi hii wamekiita chama chao wenyewe Chama cha Viziwi Tanzania, kifupi CHAVITA. Ubaya basi si herufi. Ubaya ni kuuchukua ulemavu na kuufanya kuwa mtu mzima, mpaka jina lake alilobatizwa likasahaulika. Njia rahisi ni mbili: muulize mwenyewe anapenda kuitwaje, na kama unalijua jina lake, mwite kwa jina hilo.

PICHA INAYOONYESHA NJIA

Ualbino ni hali ya kurithi ambayo mwili unakosa rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Ili mtoto azaliwe nao, baba na mama wote wawili huwa wanabeba chembe hiyo ya urithi, ingawa wao wenyewe wana rangi ya kawaida. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ualbino. Hakuna uzinzi hapo, wala mzungu, wala mzimu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu wenye ualbino 16,477 Tanzania.

Tangu miaka ya 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa imepata aibu ya mauaji ya ndugu hawa. Mwezi Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, na akauawa. Wengi tulidhani mambo hayo yamekwisha. Lakini tarehe 30 Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu aliibwa nyumbani kwao Muleba, mkoani kwetu, na mwezi Juni mabaki ya mwili wake yakapatikana. Chato na Muleba ni majirani zetu. Hatuwezi kusema ni habari ya mbali.

Sasa fikirini. Bibi anafurahia mjukuu wake mwenye ualbino, mjomba anampiga picha mlangoni pa nyumba, anaiweka Facebook na kuandika jina la kijiji. Nia yake ni upendo. Lakini picha ile inaonyesha uso wa mtoto, nyumba ilivyo, mlango ulivyo, na kijiji kilipo. Mwenye nia mbaya hahitaji tena kuuliza njia. Kwa hiyo tunawaomba sana: picha ya mtoto mwenye ualbino ibaki kwa familia. Isiwe na jina la kijiji, la shule wala la zahanati. Ujumbe wowote unaouliza "nani anamjua mwenye ualbino" upelekwe polisi na kwa viongozi wa kijiji, usipelekwe kundi lingine. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Namba ya kuripoti ukatili juu ya mtoto ni 116, na haina malipo.

Adui mwingine wa watu wenye ualbino ni jua. Saratani ya ngozi huwaondoa wengi kimyakimya. Mtoto avae kofia yenye ukingo mpana na nguo za mikono mirefu, apakwe mafuta ya kukinga jua, na darasani akae mbele kwa sababu macho yake hayaoni mbali. Mafuta hayo yanayoitwa Kilisun hutengenezwa Moshi. Ulizeni katika hospitali ya wilaya. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa wiki nne kionwe na mganga.

Kwa wanaosema watu hawa hawawezi, tukumbuke: Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008. Salum Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010. Dkt. Abdallah Possi aliteuliwa kuwa naibu waziri mwaka 2015, na baadaye akawa balozi wetu Ujerumani. Wote watatu ni watu wenye ualbino.

ANAYEFICHWA HATIBIWI

Mzazi anapoogopa kuchekwa, hufunga mlango. Mlango ukifungwa, siku za matibabu hupita. Zikate siku hizo na kuzibandika ukutani:

Mdomo sungura na kaakaa wazi. Mtoto alishwe maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe kidogo na kijiko, akiwa amekaa wima, kidogokidogo, na acheuliwe mara kwa mara. Mdomo hushonwa kuanzia miezi 3 hivi, mtoto akiwa na uzito wa kutosha. Kaakaa hufuata, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18. Upasuaji hufanyika Bugando, Mwanza, na CCBRT, Dar es Salaam. Msikate tamaa kwa kuogopa gharama. Ulizeni kwanza, maana mara nyingi wako wafadhili.

Mguu kifundo. Huanza kutibiwa katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mkono na kufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mara nyingi kati ya 5 na 8. Wengi huhitaji mkato mdogo wa mshipa wa kisigino. Halafu mtoto huvaa viatu maalumu vyenye chuma cha katikati: miezi 3 ya kwanza karibu mchana na usiku, baadaye usiku tu, hadi miaka 4 au 5. Wazazi wengi huacha viatu hivyo baada ya kuona mguu umenyooka, na mguu hurudi ulivyokuwa. Msiviache.

Kichwa kikubwa na mgongo wazi. Kichwa kikikua upesi, utosi ukivimba, macho yakielekea chini, nendeni hospitali siku hiyohiyo au kesho yake. Msisubiri mwezi ujao. Maji yakikaa yanaharibu ubongo. Kila mwanamke anayetazamia kupata mimba ameze vidonge vya foliki asidi kabla ya mimba, kwa sababu mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza, kabla mama hajajua kuwa ana mimba.

Kifafa. Mate ya mgonjwa hayaambukizi. Akianguka, weka simu mfukoni. Ondoa mawe na moto karibu yake, mlaze kwa ubavu, legeza nguo shingoni, usitie kitu chochote mdomoni. Angalia saa: degedege likizidi dakika 5, mpeleke hospitali. Dawa zipo, na wengi hukaa bila kuanguka wakizimeza kila siku bila kuacha.

Uziwi. Mtoto wa miezi 6 asiyegeukia sauti apimwe masikio. Lugha ya alama ianze mapema. Si adhabu, ni lugha.

SIMU INA MEMA PIA

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi mtupe simu kisimani. Kwa simu, viziwi sasa hupigiana wakiona mikono ya mwenzao na kuzungumza kwa alama, jambo ambalo simu ya zamani ya sauti haikuweza. Asiyeona husikiliza ujumbe wa sauti bila kumwomba mtoto wa jirani amsomee barua yake. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyeko kijijini huongea na mama mwenzake wa Bukoba, wakafundishana namna ya kumkalisha na kumlisha. Tumeona mama mmoja akija kliniki kwa sababu tu alisikia kwa mwenzake simuni kwamba mguu kifundo unatibika. Chombo ni kilekile. Panga hulima, na panga huua.

KABLA YA KUTUMA

Tunapendekeza kila familia ikubaliane juu ya maswali manne. Picha, sauti au maneno juu ya mtu mwenye ulemavu yakifika katika simu, tujiulize:

1. Je, mwenyewe ameruhusu? Kama ni mtoto, je, mzazi wake ameruhusu, na mtoto atafurahi akiikuta akiwa na miaka 15?
2. Je, ningeweza kuyasema haya mbele yake na mbele ya mama yake?
3. Je, yanaonyesha mahali anapoishi?
4. Je, yatamsaidia kupata matibabu, shule au kazi, au yatanifurahisha mimi tu?

Jibu moja likiwa baya, ujumbe uishie kwako. Na kama umetumwa katika kundi, asikae kimya kila mtu akisubiri mwenzake. Anayeheshimiwa katika kundi, awe katekista, mwenyekiti wa jumuiya au mzee wa ukoo, aandike kwa upole: "Ndugu yangu, tafadhali ondoa picha hiyo. Huyo ni mtoto wa mtu." Maneno machache yanatosha, wala hayahitaji ugomvi. Watoto wetu nao wanatutazama. Mzazi anayecheka stika mezani amekwisha kumfundisha mwanawe la kufanya shuleni.

Tena ijulikane kwamba sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumuumiza moyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda habari za afya ya mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki zao. Aliyedhalilishwa asifute ujumbe kwa hasira. Autunze, aoneshe polisi au ustawi wa jamii.

MWISHO WA HABARI YA MAMA YULE

Mtoto tulimlaza wodini. Mama alifundishwa kukamua na kunywesha kwa kikombe, na bibi wa mtoto naye alifundishwa, maana usiku walipokezana. Siku za kwanza tulihesabu gramu kama watu wanaohesabu fedha. Baada ya wiki mbili alianza kupanda. Chanjo alizokosa alipewa. Muuguzi mmoja mwenye umri mkubwa alimpigia baba simu, akamwambia, "Baba, hapa kuna mtoto wako, ana njaa ya kukuona." Akaeleza kwa utulivu hali yake na matibabu yake. Baba alikaa kimya muda mrefu. Siku ya tano alifika, na vumbi la safari miguuni. Hakusema mengi. Alimpakata mtoto mpaka maziwa ya saa kumi.

Mtoto alishonwa mdomo alipofikisha miezi saba, akiwa na kilo za kutosha. Aliporudi kuonwa, sura yake ilitufurahisha sana, na mmoja wetu akatoa simu ampige picha ili tuibandike ubaoni, wazazi wengine wapate matumaini. Safari hii tulikumbuka kuomba. Mama alitutazama, akatabasamu, akasema:

"Ile ya kwanza hamkuniuliza. Hii mmeniuliza, nami nawajibu: hapana."

Tulirudisha simu mfukoni. Tangu wakati ule, katika wodi yetu hakuna mgeni anayeruhusiwa kupiga picha, na hata sisi wenyewe hatupigi bila idhini. Tumewaeleza habari hii bila kutaja jina wala kijiji, kwa ruhusa yake. Alisema tuieleze tu, ikiwa itamzuia hata mtu mmoja asitume.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, ni familia zipi zenye mtu mwenye ulemavu ambazo hatuzioni mkutanoni? Nani atawatembelea wiki hii, bila simu mkononi?
2. Je, kundi letu la simu lina kanuni juu ya picha za watoto na wagonjwa? Kama halina, tuandike nini?
3. Ni jina gani la dharau ambalo sisi wenyewe tumezoea kulitumia? Tutaliacha lini?
4. Mama akijifungua mtoto mwenye ulemavu kijijini kwetu, maneno ya kwanza atakayoyasikia kwetu yatakuwa yapi?